Kivuli cha Ungo

Kitu cha kwanza alichokiona Semeni kilikuwa kivuli cha ungo.

Ilikuwa Jumatatu, naye ameinamia beseni nyuma ya duka la picha la Fanueli, hapo mtaani Chumbageni, anasuuza karatasi zilizotoka kwenye dawa. Picha moja ilikuwa yake mwenyewe. Aliipiga Ijumaa asubuhi uani kwa shangazi yake: ungo umetundikwa msumarini kwenye ukuta wa mawe, jua limeupiga ubavuni, kila msuko unahesabika. Ijumaa ya kabla yake alikuwa ameupiga ungo huohuo, mkono ukamtikisika, ndiyo maana akarudia. Katika picha ile ya kwanza kivuli chini ya ungo kilikuwa chembamba kama mwezi mwandamo. Katika hii kilikuwa kimenenepa.

Jua huhama, alijiambia. Akaibana picha kwenye kamba, akaendelea na nyingine. Lakini macho yalirudi palepale.

Semeni alikuwa na miaka kumi na minane. Shule aliiacha darasa la tatu, baba yake alipofariki, na kusema kweli haikumuuma sana, maana shuleni kulikuwa na kusimama na kujibu. Maneno yalimjia yote, tena mazuri, ila yakifika kooni yalikaa kitako. Shangazi yake Mwatumu, mkaanga vitumbua, ndiye aliyemchukua na kumlea. Mtu akiuliza mbona binti haongei, Mwatumu alijibu, "Mwanangu hana maneno, ana macho."

Kazi ile ilipatikana kwa vitumbua. Dorkasi, mke wa Fanueli, alikuwa akivinunua kila asubuhi, akamwomba Mwatumu ampe binti wa kumsaidia mumewe kusuuza picha. Fanueli alikuwa Msambaa wa Mlalo, Mlutheri, mrefu, mwenye kikohozi kilichotokana na zile dawa. Vijana wa mashamba ya mkonge walifika kwake wakaazimwa koti na kiatu, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua.

"Watu huja hapa niwapige picha wasivyo," alimwambia Semeni siku moja. "Wewe nenda ukawapige walivyo."

Akampa kamera yake kuukuu ya sanduku. Filamu moja ilikuwa na picha nane, na mteja akitaka sita, mbili za mwisho zilikuwa za Semeni. Akazitumia kwa mvuke wa chungu, kwa maji yaliyotulia ndani ya kata, kwa mikono ya shangazi ikikuna nazi. Fanueli aliipeleka picha ya mikono dirishani, akakaa nayo muda mrefu.

"Mke wangu ana mbuzi ya nazi kama hii," alisema mwishowe. "Naipita kila siku. Leo ndiyo nimeiona."

Semeni alirudi nyumbani siku hiyo kama aliyebebwa. Yale yaliyokaa kitako kooni yalikuwa yamepata njia nyingine ya kutokea.

Shangazi yake alicheka tu. "Unapiga picha ungo? Ungo umevaa nini, jamani? Nipige mimi siku nikivaa viatu!"

Ukuta ule wenyewe haukuwa wa Mwatumu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti. Ukuta ulikuwa masalio ya nyumba ya tajiri mmoja wa zamani, ya mawe na chokaa, iliyoporomoka kabla Semeni hajazaliwa. Ulibaki upande huo mmoja, upande wa magharibi wa ua, mrefu kuliko watu wawili wakibebana. Asubuhi ulipigwa na jua. Alasiri ulimwaga kivuli, na hapo chini yake Mwatumu na mashoga zake walitandika mkeka, wakachambua mchele na kuchambua watu.

Masika ya mwaka ule hayakuwa na huruma. Ijumaa ya tatu mvua ilikatika asubuhi, Semeni akapiga tena ungo, kisha akafanya jambo ambalo hakujua kwa nini analifanya. Akatia vidole nyuma ya ungo, pale chini, kati yake na ukuta. Viliingia viwili.

Akasimama hapo, vidole vimo. Ungo unaning'inia msumarini, akafikiri, nao haujui kwenda upande. Unashuka wima. Basi kama kuna nafasi, aliyeondoka si ungo. Ni ukuta, kule juu, unaokuja mbele.

Kesho yake alasiri alijaribu. Wanawake walikuwa mkekani, migongo yao imeegemea mawe.

"Shangazi, ukuta..."

"Lo!" Saleha, jirani wa mlango wa pili, aliangusha mchele. "Semeni kasema! Toeni vyombo nje, mvua inakuja!"

Wakacheka wote, na Mwatumu pia, kwa upendo tu. "Ukuta umefanya nini, mwanangu?"

"Una... una nyufa."

"Ukuta huo una nyufa tangu enzi za Mjerumani," alisema Saleha. "Mjerumani kaondoka, ukuta upo."

Wakacheka tena. Yale mengine, ya ungo, ya vidole, yalikaa kitako.

Ijumaa ya nne aliupiga tena ungo, na vidole viliingia vinne.

Jumapili ile kulikuwa na harusi Kigombe. Mwatumu, Saleha na Bi Sabiha, mwalimu wa madrasa ya wanawake, walijitanda mabuibui yao, na kabla ya kutoka Mwatumu akasema, "Haya, leo nina viatu. Tupige." Wakajipanga mbele ya ukuta, ungo juu ya vichwa vyao, Saleha amebinua midomo kama bibi harusi. Semeni akapiga.

Jumanne Saleha alitumwa dukani kumwita Semeni. Akaingia kwa mlango wa nyuma, akaikuta filamu imeanikwa dirishani, mwanga umeipenya. Watu hawazoei kuona filamu, huona picha. Na katika filamu kila kilicho cheusi huwa cheupe, na kilicho cheupe huwa cheusi. Saleha aliwaona wanawake watatu wamesimama, wamefunikwa nguo nyeupe kutoka utosini hadi miguuni, nyuso za kijivu, mboni nyeupe.

Yowe lake lilimtoa Dorkasi jikoni.

"Sanda! Semeni katuvisha sanda! Mimi, na Mwatumu, na Bi Sabiha, tumo ndani ya sanda!"

"Mama, hivyo ndivyo ilivyo kabla ya kusafishwa," alisema Fanueli akikohoa. "Njoo kesho utajiona na buibui lako jeusi."

"Kesho? Nani kakuambia nitafika kesho?"

Hadi adhuhuri Chumbageni nzima ilikuwa na habari hiyo. Wanawake waliokuja kununua vitumbua walinunua wakiangalia pembeni. Mmoja hakumwitikia Semeni salamu. Bi Sabiha mwenyewe alisema picha ni karatasi na mauti ni ya Mungu, lakini Saleha hakula siku mbili, na mwisho Mwatumu akakata shauri.

"Tutafanya kisomo hapa uani, Ijumaa alasiri. Mimi siamini mambo ya filamu. Lakini dua haijamdhuru mtu." Akamgeukia Semeni. "Na kamera uilete, nayo isomewe. Baada ya hapo uirudishe kwa mwenyewe, mwanangu. Imetosha."

Semeni aliinamisha kichwa. Mtu hawezi kulia kwa ajili ya sanduku, lakini alilia, huku anaosha sufuria.

Na sasa ukuta ulimziba mdomo zaidi ya zamani. Kabla ya filamu, wangemcheka. Baada ya filamu, msichana aliyewavisha watu sanda akisimama kusema ukuta utawaua, huo ungekuwa uchuro. Kila mtu aliyajua maneno hayo: mdomo huumba. Asiyesema hakuumba. Akajishika hapo. Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi jua kutua, akaisikiliza yote.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwenye ungo. Mkono uliingia wote, mpaka bangili.

"Shangazi," alisema. "Tusomee barazani."

"Watu arubaini, barazani? Jua lote lile? Kwenye kivuli ndiko kuzuri." Mwatumu alikuwa anakoroga uji wa mchele wa wageni. "Nipe kata hiyo."

Akampa kata.

Wanawake walipotoka kusali walikuja, wakapanga mikeka chini ya ukuta, safu kwa safu. Mwenye nyumba, Mwatumu, aliketi mwisho kabisa, mgongo kwenye mawe, ungo ukining'inia juu yake. Semeni aliwekwa mbele yao, upande wa jua, peke yake, chetezo cha ubani kando yake na kamera mbele ya magoti. Hapo alipoketi aliuona ukuta wote. Saa hizo ungo haukuwa na kivuli. Ulikuwa ndani ya kile kikubwa, pamoja na watu.

Bi Sabiha akaanza, sauti yake ya chini ikajaza ua, wengine wakaitikia. Moshi wa ubani ulipanda wima. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa uzi.

Ungo ulitikisika.

Semeni aliacha kuitikia. Akasikia sauti ndogo, chwa, chwa, chwa, kama mchele unaopepetwa. Punje nyeupe za chokaa zilikuwa zinaangukia juu ya ungo kutoka kwenye ufa. Moja ikamwangukia Mwatumu begani. Aliipangusa bila kufungua macho.

Sema, Semeni. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Wanawake arubaini walikuwa wanasoma, na sauti yake yeye, hata ikitoka, ingekuwa kama unyoya uliotupwa mtoni.

Akaiokota kamera.

Haikuwa na filamu hata moja ndani yake. Akasimama nayo, akaiweka kifuani, akawaelekezea kioo chake.

Saleha ndiye aliyemwona kwanza. "Yallah! Anatuvisha tena!"

Kisomo kilikatika kama uzi. Waliruka, wakajifunika nyuso, wakakanyagana, vikombe vikapinduka; wengine walikimbilia barazani, wengine njiani kabisa, wakimlaani yeye na shetani wake. Bi Sabiha alivutwa mkono na Saleha mpaka mlangoni huku akisema, "Niacheni, mna wazimu?" Kufumba na kufumbua mikeka ilikuwa mitupu.

Isipokuwa mmoja. Mwatumu alikuwa palepale, ameegemea mawe, anacheka mpaka machozi.

"Mwanangu wee! Umewakimbiza watu wazima kama kuku." Akanyoosha ushungi wake. "Haya piga. Mimi sanda siiogopi."

Chokaa sasa ilimwagika kwa mkupuo. Ungo ulikuwa umejitenga na ukuta kwa mkono mzima, unaning'inia hewani.

"Shangazi, toka!" Sauti ilimtoka Semeni nzito, ya mtu asiyemjua. "Toka! Ukuta unaanguka!"

Mwatumu aliacha kucheka. Katika miaka tisa hakuwahi kusikia sauti ile. Hakutazama ukuta. Alimtazama binti, akainuka, akamfuata, hatua moja, mbili, tatu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Ya nne ukuta uliipata. Haukufanya kelele mwanzoni. Ulijikunja tu katikati kama mtu anayerukuu, kisha ukaja wote. Ua ukawa mweupe. Vumbi lilipotua, mikeka haikuwepo, jiko halikuwepo, na Mwatumu alikuwa amelala kifudifudi miguuni pa Semeni, jiwe moja limemkalia juu ya kifundo cha mguu.

Mganga wa mifupa aliitwa, akaufunga mguu kwa vijiti. Kabla ya magharibi nyumba ilijaa watu kuliko kisomo. Ndimi zote zilikuwa zimegeuka.

"Dua imetukinga."

"Na ile picha ilikuwa onyo, sisi ndio tuliokuwa hatuelewi."

Saleha aliingia analia, akamshika Semeni mikono yote miwili, akaibusu. "Nisamehe, mwanangu. Una kitu wewe. Ulioneshwa. Sema tu ukweli, ulioneshwa lini?"

Wote wakamngojea. Hakuna aliyecheka. Hakuwahi kungojewa hivyo tangu azaliwe, na aliona jinsi ilivyo rahisi: kuinamisha kichwa tu, kama kawaida yake, nao wangejaza wenyewe. Hata kamera wangemwachia.

"Muacheni apumzike," alisema Mwatumu kutoka kitandani. Uso wake ulikuwa wa majivu kwa maumivu, lakini jicho lilikuwa kwa Semeni. "Kweli, mwanangu? Ulioneshwa?"

Semeni alifungua pindo la kanga yake. Mlikuwa na picha nne za ungo. Akazipanga kitandani kando ya mguu uliofungwa, moja baada ya nyingine: kivuli chembamba, kivuli kilichonenepa, kipana, kipana zaidi. 

"Sikuoneshwa, Shangazi," alisema, na wote wakamsikia. "Niliona. Niliona tangu Ijumaa ya pili, nikaogopa kuchekwa, nikakuacha ukakaa pale kila alasiri."