Kadi Isiyovuka Pini

Jani lilikuwa linatetemeka. Mama Pacha alilikazia macho kwenye skrini, jani la kijani la nembo ya sare za wauguzi, akaona ukingo wake unacheza kama maji kwenye ndoo iliyogongwa teke. Akafumba macho, akavuta pumzi, akafumbua. Bado linacheza.

Akanyamaza. Ndivyo alivyokuwa akifanya tangu mvua zilizopita: ananyamaza, anaendelea na kazi kwa mazoea ya vidole. Marehemu mama yake alianza hivihivi. Kwanza mistari ya kitambaa ilipinda, kisha nyuso za watu, kisha giza. Naye alikuwa fundi cherehani. Siku alipoacha kazi hakusema mengi; aliufunga mkasi wake kwenye kitambaa, akampa binti yake, akaenda kukaa. Mkasi huo upo pale mezani, kando ya kompyuta. Mama Pacha hakuwa tayari kumkabidhi mtu mkasi.

"Feni ya hiyo kadi ya picha humo ndani ya kompyuta inanguruma kama mzee mwenye pumu," mumewe alisema kutoka mlangoni, vikombe viwili vya chai mkononi. "Tuibadilishe kabla haijakata roho."

"Ya nini? Iache ife."

"Wewe! Usimtukane mkongwe mbele yangu."

Mtaani wanamwita Mgomo, na jina hilo hakulipata kwa kulala. Kompyuta ile ilikuwa ya ofisi ya chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Yeye na wenzake waliiunda kwa spea za kuokotaokota, na vipeperushi vyote vya mgomo viliandikiwa humo, mpaka kiwanda kilipoleta mitambo mipya na watu wakaambiwa wamepitwa. Neno hilo, "mmepitwa", lilitamkwa na meneja mwenye tai ya bluu huku anatafuna karanga. Watu waliokipa kiwanda nguvu za ujana wao, na yeye hakuona haja ya kumeza kwanza. Mgomo hajaisahau tai, wala hajazisahau karanga. Ofisi ya chama ilipofungwa aliibeba kompyuta begani mpaka nyumbani, akamwekea mkewe programu ya kuchora tarizi. Tangu hapo mashine iliyofukuzwa kazi pamoja na mwenyewe ndiyo inayoilisha nyumba.

Kwa hiyo kumwambia aiache ife ilikuwa kazi bure. Asubuhi yake walikuwa kwenye duka la kompyuta, vioo vitupu na hewa ya baridi. Muuzaji aliisikiliza habari ya kompyuta nusu, akatabasamu.

"Mzee, hiyo imepitwa. Tupa tu, nikupe mpya."

Mama Pacha aliuona mshipa wa shingo ya mumewe ukiinuka. Akamshika kiwiko. Amechelewa.

"Imepitwa na nani?"

"Na wakati, mzee wangu."

"Wakati ndio nani? Ofisi yake iko wapi, nikamwone?"

"Twende, Baba Pacha."

"Ngoja nimuulize. Programu ya mke wangu itakubali kwenye hiyo mpya yako?"

"Hapana, hiyo ni ya zamani mno. Mtanunua nyingine."

"Umesikia? Umekuja kutafuta viatu, anakuuzia na miguu!"

Alitoka amefura, na njia nzima alikuwa akihutubia barabara: kitu kizima kinaitwa mzoga kabla hakijafa ili anayeuza majeneza apate kula. Mama Pacha alimwachia awasemee wote wawili. Yeye alikuwa akiyaangalia mabango ya upande wa pili, anapima ni herufi zipi bado anaziona.

Nyuma ya soko la vyuma kulikuwa na kibanda cha spea zilizotumika. Mwenyewe ni mwanamke wa makamo wanayemwita Dada Waya, vidole vina makovu ya kulehemu. Huyu hakutabasamu kwanza. Aliuliza.

"Boksi la umeme la ndani lina nguvu kiasi gani? Nafasi ya kulaza kadi ina urefu gani? Na mfumo wa kuendeshea kompyuta ni wa zamani?"

"Umri wake na ndoa yetu vinakimbizana," Mgomo akasema.

"Basi ni mzee kweli. Rudini nyumbani mkaifungue. Nipimieni kuanzia bati la nyuma mpaka kitu cha kwanza kinachozuia mbele. Na kibandiko cha boksi la umeme mkipige picha na simu, mniletee."

Nyumbani Mgomo aliilaza kompyuta ubavu mezani, akalegeza skrubu, akatoa bati. Vumbi likaamka. Mama Pacha alilifagia kwa brashi yake ya cherehani, kisha akaivuta ile futi ya kushonea iliyokuwa imening'inia shingoni, akaingiza ncha moja ndani mpaka ikagusa bati la nyuma. Ncha nyingine mumewe aliivutia mbele, kwenye kikapu cha chuma kinachoshika diski.

"Ngapi?" akauliza Mama Pacha.

"Soma wewe, futi ni yako."

"Mimi nimeshika huku."

"Na mimi nimeshika huku."

Mama Pacha akaiinamia futi. Tarakimu alizozisoma tangu usichana zilikuwa zimegeuka sisimizi. Mama Pacha akachomoa pini kifuani mwa gauni, akaichoma kwenye futi pale ilipogusa kikapu.

"Tutampelekea futi yenyewe," alisema. "Mafundi huwa tunafanya hivyo."

"Ndiyo, bora hivyo," Mgomo akaitikia haraka mno.

Wakarudi kibandani. Dada Waya aliitazama picha ya kibandiko, akaguna, akaitandaza futi kwenye meza yake na kuanza kulaza kadi juu yake moja moja, kama mtu anayepimia mtoto viatu.

Ya kwanza ilikuwa na feni mbili, inang'aa kama gari la harusi. Ilivuka pini kwa kiganja kizima. "Hii haiingii, na hata ikiingia inadai waya wake peke yake wa umeme. Boksi lenu halina waya huo."

Ya pili haikuifikia pini. Mgomo akanyoosha mkono. "Subiri, baba. Hii ni mpya. Mfumo wenu hautaitambua. Walioitengeneza hawakuandika programu ya kuiendesha kwenye mifumo ya zamani."

"Kwa makusudi!"

"Kwa makusudi, baba," Dada Waya akacheka. "Nimeyasema hayo mpaka nimechoka."

Ya tatu aliitoa kwenye droo, imefungwa gazeti. Fupi, feni moja, umeme inaunywa palepale inapochomekwa, na ina tundu linaloafikiana na waya wa skrini yao ya zamani. Mwisho wake ulikaa kabla ya pini, pakabaki upenyo wa kidole. "Si changa, lakini kwa hiyo yenu itakuwa ni kama kumpa mtu mapafu mapya. Hiyo iliyomo inaumwa nini hasa?"

"Feni," Mgomo akajibu.

"Feni tu? Kadi ikipata joto muda mrefu, picha nayo huharibika. Mistari haitetemeki?"

Mgomo alitazama viatu vyake. Mama Pacha aliichukua futi mezani, akaizungusha kidoleni mpaka kidole kikawa cheupe.

"Inatetemeka," akasema.

"Inatetemeka," akasema mumewe, na sauti zao zikagongana.

Wakageukiana.

"Kwani na wewe unaiona?"

"Tangu mvua. Kila nikikuletea chai. Nilijua ni macho yangu. Nikasema nikikwambia utanikataza kutengeneza redio za watu."

"Na mimi nilijua ni yangu." Mama Pacha akailegeza futi. "Kama ya mama."

Mgomo, mtu asiyekosa hotuba hata kwenye foleni ya maji, aliichukua ile futi mkononi mwa mkewe, akaiviringisha taratibu, pini akaificha katikati isije ikamchoma.

"Msifurahi mapema," Dada Waya akasema, safari hii kwa upole. "Mkiiweka na picha ikatulia, ilikuwa kadi. Isipotulia, mama, nenda kwa daktari wa macho, usikae nayo. Chukueni na flashi hii, ina programu ya kuiendesha."

Nyumbani kadi ikaingia, ikaitika kwa mlio mdogo wa kukaa sawa. Mgomo akakaza skrubu, akachomeka waya wa skrini, akawasha.

Giza.

"Mungu wangu," Mama Pacha akanong'ona.

"Huyu meneja!" Mgomo akafoka, ingawa meneja alikuwa mbali na pengine alishakufa. "Huyu mwenye tai!"

Mama Pacha hakungoja amalize. Alipeleka mkono nyuma ya kompyuta, akapapasa, vidole vikafuata waya mpaka mwisho wake. "Baba Pacha, umechomeka kwenye tundu la kompyuta yenyewe. La kadi ni hili la chini."

"Matundu yanafanana!"

"Kwako kila kitu kinafanana. Sogea."

Akahamisha waya. Skrini ikapepesa, ikafunguka. Wakaweka programu ya kwenye flashi, wakazima, wakawasha, na muda wote huo hakuna aliyegusa chai. Kisha Mama Pacha akafungua nembo ya wauguzi. Bila kujua, mkono mwingine ulikuwa umeushika mkasi wa mama yake.

Jani lilikuwa limetulia.

Ukingo wake ulikuwa mmoja, safi, kama umekatwa na mkasi ule. Aliliangalia mpaka machozi yakalitetemesha upya. Akayafuta kwa kanga. Likatulia tena.

"Limetulia?" mumewe akauliza. Alikuwa akimtazama yeye, wala si skrini.

"Limetulia."

Mgomo akavuta kigoda, akaketi kwa kishindo. Baada ya muda akainama mbele. "Hapo chini ya jani pameandikwa nini?"

"Soma wewe."

"Nimekuuliza mimi."

Mama Pacha akasogea, akarudi nyuma, akakunja uso. "Sioni."

"Hata mimi."

"Na kwenye futi?"

"Futi? Nilikuwa naona sisimizi watupu!"

"Muongo mkubwa! 'Ndiyo, bora hivyo!'"

Wakacheka mpaka Mgomo akakohoa, mkewe akampiga mgongoni.

"Kesho tukapimwe miwani," Mama Pacha akasema. "Wote wawili."

"Na wakituambia tumepitwa?"

"Nitakushika kiwiko," akasema, akaurudisha mkasi mahali pake, akasogeza kiti karibu na jani.