Nyumba ya Katikati

Mstari wa chati ulipanda miaka minne bila kona, halafu mwaka nilioanza kazi mimi ukaporomoka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Jedidah alikuwa ameubandika ukutani, ofisini kwetu Golden Valley, huku ughaibuni, akasimama mbele yake, mikono kifuani.

"Farhan, watu wa kaunti watauliza. Kiwanda cha bata mzinga kimepandisha mishahara mara mbili. Mbona nyumba ya katikati inazidi kuwa maskini?"

"Maisha magumu, dada."

"Hilo si jibu. Ripoti inatoka Alhamisi."

Nyumba ya katikati ndiyo kazi yetu yote. Panga nyumba za kaunti foleni, kutoka fukara hadi tajiri, umuulize aliye katikati anapata ngapi kwa mwezi. Mwakani urudie. Basi. Watu wanasomea hicho miaka minne. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, Likoni, wala sijaililia. Lakini kuongea na watu ninajua. Kaunti yenyewe iko magharibi, mwendo wa saa tatu kwa gari, mahindi mpaka jicho lichoke, na nyumba moja kati ya tatu ni ya Mkongo au Mkenya wa kiwandani. Hao ni wangu. Aliyenitangulia alikuwa akiisoma fomu neno kwa neno, nusu wakimkatia simu. Mimi hawanikatii. Juni ningeandikwa kazi ya kudumu, na bima juu.

Nikampigia mzee Bagalwa, ambaye yeye na mkewe Kasika wanakata nyama pale. Mwaka jana alinitajia dola elfu nne na mia mbili.

"Mwaka huu? Andika elfu tatu na mia tisa."

"Mzee, wamewaongeza mshahara. Unanidanganya."

Akacheka mpaka akakohoa. "Eh, kijana, una mdomo! Nikudanganye ya nini? Kaka yangu alikufa Bukavu. Batoto bake ni wane. Ile yabo naitoa kwanza, ni yabo. Wewe unauliza ya nyumba yangu, miye nakuambia ya nyumba yangu."

Nikamshukuru, nikakata simu. Hata mimi, ukiniuliza, ya mama naitoa kwanza. Haijawahi kuwa yangu. Inapita tu kwangu kama maji kwenye bomba, na nani analiita bomba tajiri?

Fomu ilikuwa na swali lenye maneno haya: taja pato lote, kabla ya kodi ya serikali na kabla ya kumpa mtu yeyote chochote. Swali hilo nililifuta mwenyewe wiki ya kwanza. Lilinuka polisi, watu walikuwa wakiingiwa na hofu. Nilijiona mjanja. Miaka mitatu, simu mia mbili na kumi na mbili, kila nyumba imenipa makombo nami nikaandika kwamba ndiyo sinia.

Nilitoka nje nikazunguka maegesho mara tatu. Nani angejua? Chati haisemi. Wangelaumu kiwanda, wangelaumu bei ya mayai, nami Juni ningetia sahihi. Lakini kila nikifika mlangoni naona foleni ile ya nyumba, na wangu wote nimewasukuma nyuma kwa mkono wangu, watu waliokesha wakikata mapaja ya bata ili mtoto wa marehemu avae viatu.

Nikaingia. Nikamwambia bila kupamba.

Jedidah alivua miwani. "Ulifuta swali?"

"Nililifuta."

"Bila kuniuliza? Farhan, hiyo si kazi, ni kiburi!"

"Ni kweli. Ila dada, nijibu kitu. Nyumbani kwako Plymouth mnapata ngapi kwa mwezi?"

Akataja, haraka, kama mtu anayetaja namba yake ya simu.

"Na ya wazee wako Kisii imo?"

Akatazama vidole vyake akihesabu. Mwanamke huyu ana shahada mbili za hesabu.

"Kazi ya Juni siwezi kukuahidi tena," alisema mwishowe, taratibu. "Ripoti ingoje; piga simu zote upya. Na lile swali ulisome."

Nikaanza na Bagalwa. Nikalisoma lote, na kodi yake, na kila kitu. Upande wa pili nilisikia sufuria, kisha kiti kikivutwa.

"Hata ya batoto?"

"Hata ya watoto, mzee. Hakuna anayekuja kuichukua."

"Bon, sawa. Elfu tatu na mia tisa." Akamwita Kasika, wakabishana kidogo. "Kodi elfu moja na mia moja. Batoto mia sita. Mama mukwe mia tatu..." Walijumlisha kwa sauti, wakakosea, wakaanza tena. "Elfu tano na mia tisa."

Nikaandika.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Hizo zote zinapita mukononi mwangu? Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Kasika," nilimsikia akisema mbali na simu, "kuja usikie hii."