Vidole Vinne vya Utepe

Amne alikuwa amebakiza siku tisa za eda lori la Operesheni ya kuhamishia watu vijiji vipya lilipofika. Tangu mumewe Mhina azikwe, hakuvuka kizingiti ila kwa haja, na kila siku alishona kidogo mfarishi wa mjukuu wake, viraka vyote vya nguo kuukuu za marehemu. Alitaka jambo moja tu: eda na mfarishi viishie ndani ya nyumba ya mumewe. Halikuwa ombi kubwa.

Utepe wa buluu wa kupindia alikwisha kuuzungusha pande zote nne. Zilibaki ncha mbili zikining'inia, na hapo ndipo washonaji wengi huumbuka. Kokila, mke wa mwenye duka la vitambaa Korogwe, ndiye aliyemfundisha: ncha zipishane kwa upana wa utepe wenyewe, vidole vinne kamili, ndipo ukate, uzishone mshazari, na kiungo kitalala kisijulikane.

"Shemeji, shikamoo," Sadala aliita mlangoni. Ndiye balozi wa nyumba kumi, mdogo wake Mhina, na siku hiyo, bila haya, alivaa shati la kaki la marehemu alilogawiwa baada ya arobaini. "Lori linangoja. Nyumba zinabomolewa leo."

"Nimebakiza siku tisa, Sadala."

"Shehe kasema ni dharura. Mungu anajua."

"Mungu anajua. Wewe je?"

Nje, miti ya paa la jirani ilikuwa ikianguka. Amne akashika mkasi. Eda imeshindikana kuishia humu, basi mfarishi utaishia humu! Kwa hasira akazikata ncha pale pale zilipogusana, asibakize kitu. Alipozivuta azishone, ukingo ukajikunja, alipoziachia, zikaachana. Mikono iliyoshona miaka thelathini! Akalia kwa sauti, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia.

Kijiji kipya kilikuwa safu za vibanda kando ya barabara. Amne aliendelea na eda humo, nyuma ya kanga iliyotundikwa mlangoni, ukingo wa mfarishi ukiwa bado wazi. Utepe wa kuongezea hakuwa nao, na kutoka kwenda kuutafuta asingeweza, wala hapakuwa na duka karibu la kumtuma mtu.

Siku ya nane tangu wahamishwe, Sadala alizisikia habari hizo kwa Zamda, binti yake Amne. Akaja, akasimama nje. Sauti ya kitambaa kikichanwa ikasikika, kisha pindo la shati la kaki likapitishwa chini ya kanga.

"Nilikuja kukutoa nikiwa nimevaa nguo ya kaka," alisema. "Nisamehe, shemeji. Tangu siku ile silali."

Amne alikata vidole vinane vya kaki, akaviunga mshazari huku na huku. Kesho yake alitoka eda. Sadala akapitisha kidole gumba ukingoni mara mbili, asivipate viungo. Lakini kaki ilionekana wazi katikati ya buluu, vidole vinne, vingine vinne vimemezwa na viungo.

"Tuitie rangi, mama?" Zamda aliuliza.

Amne akaukunja mfarishi, kaki ikiwa juu.

"Iache. Mtoto akiuliza, mwambieni hapo ndipo tulipotolewa nyumbani."