Utabiri wa Wazee wa Maji Moto

Kila Jumatatu asubuhi, mlangoni pa duka la ushirika la bonde letu la Mjódalur, huku kaskazini ya mbali kwenye barafu, hubandikwa karatasi yenye kichwa "Hali ya Hewa ya Wiki". Usidhani imetoka kwa wataalamu. Imetoka kwa wanaume wanne wenye vitambi wanaojilaza kwenye bwawa dogo la maji moto nyuma ya shule, maji yamewafika shingoni, wanakodolea mawingu macho na kukata shauri kama mvua itanyesha au haitanyesha. Wakishakubaliana, Torfi huandika. Na Torfi ana mwandiko mzuri, jamani, tusimnyime haki yake. Ni hicho tu cha kusifia.

Jumatatu ile ya Septemba karatasi ilisema: "Wiki tulivu. Ukungu kidogo asubuhi. Upepo mwanana. Theluji haiji kabla ya mwezi kuandama." Salvör, mama mmoja mfugaji, aliisoma mara mbili, kisha akasonya kwa nguvu mpaka muuza duka akainua kichwa.

"Kuna nini tena, Salvör?"

"Flekka amerudi nyumbani."

Muuza duka alielewa mara moja. Flekka alikuwa kondoo kiongozi wa Salvör, jike refu lenye mabaka meusi, wa ile mbegu inayotangulia kundi na kuinusa dhoruba siku kadhaa kabla haijafika. Kondoo wote wa bonde walikuwa bado mlimani, wamesambaa huko tangu Juni, na siku ya kuwateremsha, pamoja na sherehe yake, ilikuwa Jumamosi. Lakini alfajiri hiyo Flekka alikuwa ameshuka peke yake, akasimama langoni pa zizi, mgongo ameupa kaskazini, hataki kusogea. Tena redio ya mji mkuu nayo ilikuwa imetaja theluji ya Alhamisi. Salvör alikuwa na kondoo wengine tisini na wawili kule juu, na zaidi ya hao hakuwa na kitu. Wakifa, shamba la mama yake limekwisha, naye atakwenda kupanga chumba mjini.

Alikwenda bwawani moja kwa moja, na viatu vyake miguuni, jambo ambalo kwetu ni aibu kuliko kuiba.

"Viatu, Salvör!" Torfi alipiga kelele. "Ala! Umelelewa wapi?"

"Kondoo washushwe kesho. Theluji inakuja."

"Nani kasema?"

"Redio imesema. Na Flekka kasema."

Kicheko kilichotoka mle ndani kilimwaga maji mpaka ukingoni. Mmoja wao, Bersi, alipaliwa ikabidi apigwe mgongoni.

"Redio!" Torfi alisema, anajifuta machozi. "Wale wa mjini hutabiri kwa kuchungulia dirishani uwanja wa magari. Na huyo Flekka wako amekuja na vipimo, au amekuja kwato tupu?"

"Babu yako alikuwa hatii mguu nje bila kumtazama kondoo kiongozi wake."

"Ndiyo maana alikufa maskini. Sasa nisikilize, mama. Kwaya imeshaalikwa Jumamosi. Nyama ya supu imeshatolewa. Watu wanatoka mpaka mji wa Akureyri. Utawaambia nini, kwamba kondoo wa Salvör ameota ndoto? Na mfalme wa mlima hapa ni nani?"

Ni yeye, ndiyo. Mfalme wa mlima ndiye anayeongoza kuteremsha kondoo, na hakuna anayepanda kabla hajatoa neno. Ni cheo cha siku tatu kwa mwaka, lakini Torfi alikivaa mwaka mzima, hata akiwa na chupi ya kuogelea tu.

"Basi kapande mwenyewe," Bersi alisema. "Flekka atakushika mkono!" Wakaangua kicheko upya.

Siku nzima ya Jumanne Salvör alizunguka shamba kwa shamba, anaomba mtu mmoja tu wa kupanda naye. Watu wazima, wenye ndevu zao, walimpa kahawa wakatazama viatu vyao. "Tungekuja, Salvör, ila unamjua Torfi." Waoga wakubwa! Kila mmoja alikuwa na kondoo kule juu, na kila mmoja alimwogopa mtu mwenye kalamu kuliko dhoruba. Salvör hakumaliza kahawa ya yeyote.

Jumatano kabla jua halijachomoza alipanda na farasi wake, mbwa wake na Flekka. Saa sita mchana anga ya kaskazini ilikuwa imegeuka rangi ya bati. Kwenye mteremko wa kwanza akakuta kundi kubwa, kama mia na arobaini hivi. Moyo ukamruka. Akasogea, akatazama masikio. Ncha ya sikio la kulia imekatwa, chini kuna pengo moja: alama ya Torfi. Kundi zima ni la Torfi.

Akatoa darubini. Wake walikuwa ng'ambo ya mto, chini ya jabali walipozoea kula majani, mwendo wa saa mbili kwenda tu. Chembe za kwanza za theluji zilikuwa zinamchoma usoni. Muda ulitosha kundi moja.

"Nitakuachia wafe, Torfi," alisema kwa sauti, na farasi keshamgeuzia mtoni. "Haki ya Mungu, nitakuachia wafe, wewe na mwandiko wako!" Akamtukana yeye, akamtukana Bersi, akaitukana kwaya yote kuanzia sauti ya kwanza mpaka ya nne. Wale kondoo wa Torfi walikuwa wamesimama tu, wanamtazama Flekka, wanangoja waambiwe waende wapi. Salvör alilia kwa hasira, na hilo hakulificha baadaye. Kisha akamrudisha farasi, akampigia Flekka mluzi, na kundi likaanza kushuka.

Theluji ilianguka siku tatu. Ilifunika nyua, ikafunika barabara, kwaya haikufika. Na Jumatatu, ukiulizwa kama watu wengine wana haya, karatasi ilikuwa mlangoni kama kawaida: "Theluji imewahi kidogo. Wiki hii jua."

Jumanne Torfi alimkuta Salvör chini ya jabali, anadunga theluji kwa fimbo ndefu kutafuta waliofukiwa. Alikuwa amewatoa kumi na mmoja wazima. Torfi alikuwa amebeba keki ya mkewe ndani ya kitambaa, hajui aiweke wapi.

"Wangu wote wapo," alisema.

"Najua."

"Uliziona alama?"

"Niliziona."

"Na wako ulijua wapo huku?"

"Niliwaona kwa macho yangu."

"Sasa kwa nini, Salvör? Baada ya yale yote?"

Salvör akaichomoa fimbo, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Kondoo wako hawakunicheka," alisema. Akamtupia beleshi. "Chimba hapo. Kuna mmoja, sijui kama anapumua."

Torfi akapiga magoti, akachimba. Huyo hakuwa anapumua, wala yule aliyefuata.