Ini la Mshale

Vumbi la kwenu lilikuwa jekundu, Mshale. Ulikuja nalo Kariobangi katika manyoya yako na katika gunia ulilolalia. Baba alipolikung'uta gunia lile juu ya paa la gorofa, Kitui nzima ilipaa hewani, ikang'aa, ikatua juu ya shuka za Mama Amolo, jirani yetu. Mama Amolo akauliza ni nani ameamuru shamba lihamie mjini.

Hiyo ilikuwa zamani. Sasa umelala chini ya kamba za nguo, mbavu nje, macho yamefunga ukungu. Keriteka, mwangalizi wa jengo, amesema neno lake la mwisho: mbwa anayekojolea ngazi hana nyumba hapa. Mwezi ukiisha, usiwepo.

Baba aliweka chini kinyago alichokuwa akichonga. Akasema, "Kama bado kuna windo ndani yake, Kavinya, nitamrudisha nyumbani afe akikimbia. Kama halipo, tutamwita daktari na sindano yake."

Basi nikaenda kukutafutia windo.

Kimbia, Mshale.

Nakukumbuka ukiwa kitoto, tumbo duara, masikio makubwa kuliko akili. Baba alikusugua pua kwa manyoya ya sungura, kama watoto wote wa mbwa wanavyosuguliwa kwetu, ukapiga chafya, ukaanza kufukuza dunia: panzi, kivuli cha kuku, mkia wako mwenyewe. Hukukamata chochote, wala hukuona umekosa chochote.

Kimbia, Mshale.

Kisha miguu ikarefuka. Shule zikifungwa nilikimbia nyuma yenu mawindoni, wewe na Baba, miiba ikinichana sketi, nami nasikia tu pumzi yako mbele, pumzi na vumbi, vumbi na pumzi. Kwetu, sungura akipasuliwa, ini ni la mbwa aliyemkamata. Mtu haonji kitu kabla yake. Baba yangu, mzee wa kanisa, alipiga goti mbele yako na ini kiganjani, nawe ulilila polepole, ukimtazama usoni.

Na ulipokomaa, hukuwa na haraka tena. Ulisimama, pua juu, ukawaacha mbwa wadogo wakosee kwanza. Halafu uliondoka kimya, upande ambao hakuna aliyeufikiria. Sijaona kiumbe mwenye furaha tulivu kama ile.

Mvua ikakataa, msimu baada ya msimu. Tukafunga nyumba, tukaja huku, wewe ukilinda gunia lako. Ukawinda harufu ya dagaa wa omena, ukawinda panya wa mtaroni. Kisha moshi wa wanaochomelea vyuma ukaingia puani mwako, ukakaa humo, ukafunga mlango.

Nilimpata sungura sokoni: mweupe, mnene, mzaliwa wa kizimba. Nilimpandisha paani mchana, jua likiwa kali juu ya saruji. Mama Amolo alianua nguo zake ili uwanja uwe wazi.

"Uwanja ni wenu," alisema. "Lakini simba wako amekuwa mkeka, Baba Kavinya. Huyo sungura atamkalia."

Mimi niliamini. Nina digrii na sina kazi. Kila asubuhi natoka nyumbani nikiamini, na sijui kuishi kwa njia nyingine. Nikamwachilia sungura.

Alirukaruka kidogo. Akanusa bakuli lako, akatafuna jani la sukuma lililokuwa pembeni. Kisha jua likamchoma, akakusogelea.

"Kimbia, Mshale," nikasema.

Sikio lako lilitetemeka. Mguu mmoja ulikwaruza saruji, mara moja, kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Sungura akajikunyata kwenye kivuli cha mbavu zako. Nawe ukalaza kichwa.

Mama Amolo akageuka, akaanza kukunja nguo alizokwisha kukunja.

Baba alimwinua sungura kwa upole, akamgusisha mdomoni mwako. Akashuka naye. Aliporudi alikuwa na ini kiganjani, na akapiga goti juu ya saruji ile, magoti yakilia.

"Ni lako," alikwambia. "Umekamata."

Uliramba kiganja chake. Ini ukaliacha. Nyama ile hakuna aliyeionja nyumbani kwetu, kwa sababu wewe hukuionja.

Daktari alikuja Jumamosi, Baba akakushika kichwa hadi mwisho.

Baadaye nikalipandisha gunia lako paani. Nikalikung'uta. Nikalikung'uta tena, nikiomba chembe moja tu, wekundu wa kujaa ukucha. Likatoka vumbi la mbao, la masizi, la chuma. Vumbi la kijivu, vumbi la hapa. Lilining'inia hewani bila kung'aa, likatua juu ya shuka za Mama Amolo.

Alikuwa amesimama pale pale. Hakuuliza kitu, wala hakulipangusa.