Mdomo Hupakwa Mwisho

Katika karakana ya mabango, mdomo hupakwa mwisho. Huanza uso, zikafuata nywele, nguo na chupa mkononi. Mdomo huachwa mtupu, rangi ya ubao, mpaka maneno ya tangazo yatoke ofisini, maana anayesema "tamu" hafungui kinywa kama anayesema "imara". Ndiyo desturi yao. Mchoraji aliifuata tangu aliposhika brashi, hata Jumatatu ile alipokuwa amekalia debe, akikoroga nyeupe ya meno, akimtazama mke wake asiye na mdomo.

Mke mwenyewe alikuwa amekufa tangu kiangazi. Alikuwa mtu wa kucheka, hata sahani ikivunjika. Ofisi ilipokosa sura ya kuuzia dawa ya kikohozi, mumewe alimleta yeye, akapigwa picha kashika chupa ya kahawia. Baadaye kikohozi kikaja kumtafuta, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Akakinywea dawa ileile, chupa juu ya chupa.

"Nitaonekanaje?" alikuwa akisema. "Sura yangu iko njia panda imeshika hii, halafu mimi nipange foleni hospitali? Si watanizomea."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye kilimuumbua akiwa juu ya nguzo, anacheka.

Msibani alikuja mkuu wa matangazo, ambaye karakana nzima ilimwita Bwana Maneno. Alivua kofia, akavuta kiti, akamshika mchoraji bega.

"Pole sana, ndugu yangu. Lakini nawe, ulimwachaje aitegemee dawa ile? Ile ni sukari na rangi tu."

"Sikujua."

"Hukujua?" Bwana Maneno alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mbona sote tunajua. Kwangu mimi haivuki kizingiti."

Akanywa chai, akaaga vizuri.

Nyumbani walibaki watatu: mchoraji, binti yake wa darasa la pili, na mama mkwe aliyekuja kuzika akabaki kulea. Mvua zilipoanza, mtoto akaanza kukohoa. Alikohoa kwa mpangilio wa mama yake, viwili vifupi na kimoja kirefu, na bibi akatoa chupa ya kahawia kabatini.

"Mama, usimpe hiyo," mchoraji alisema. "Haifai kitu. Tumpeleke hospitali."

"Haifai? Mwanangu kasimama pale njia panda mchana kutwa anasema inafaa."

"Anasemeshwa, mama. Nimemchora mimi."

"Wewe ni mkwe wangu, nakuheshimu. Lakini yule nimemzaa, na tangu azaliwe hajanidanganya. Sasa nimsikilize nani?"

Mtoto akafungua kinywa, akanywa, akalamba kijiko. Ilikuwa tamu.

Mambo yalikuwa hapo ofisi ilipoagiza bango lichorwe upya, kwa kuwa jua lilikuwa limelifuta. Siku ile ya debe, maneno yalikuja saa nne: *Imenisaidia. Itakusaidia.* Mchoraji alitafuta picha ya zamani aone mdomo ulivyokuwa, akakuta mende wamekula karatasi kuanzia kidevuni hadi puani. Basi akaupaka kwa kumbukumbu. Na mdomo aliokuwa nao kichwani haukuwa ule wa kucheka. Ulikuwa wa mwisho, ulioachama kidogo, unaongoja hewa.

Bango lilipandishwa kesho yake. Kibarua mmoja alikuwa bado juu ya ngazi, anakaza nati ya mwisho, mwanamke wa bango alipokohoa: viwili vifupi, kimoja kirefu. Ubao ulitikisika.

"Pole, mama," kibarua alisema, akamaliza kukaza, akateremka.

Kuanzia hapo alikohoa kutwa. Muuza matunda aliyekaa chini ya nguzo alisogeza meza yake upande wa pili, kwa usafi tu, si kwa ubaya. Askari wa barabarani alijifunza kusubiri kikohozi kipite ndipo apulize filimbi, madereva wamsikie. Wenye maduka walilalamika kwamba hawasikii simu zao.

Bwana Maneno alikuja na gari, akasimama chini, shingo upande kama fundi anayesikiliza injini.

"Hiki ni kikohozi kikavu," alisema. "Mfunge mdomo."

Mchoraji alipanda, akapaka kicheko juu ya ule mdomo. Kufika adhuhuri rangi ilikuwa imekunjamana kama utando wa maziwa, ikadondoka vipande vipande, na mdomo wa awali ukawa palepale. Alirudia, ikadondoka tena. Mara ya tatu, akiwa juu amejishikiza begani kwa mkewe, akasikia pumzi ikimpuliza mkono. Ilikuwa ya moto. Akakumbuka mtoto nyumbani, na bibi anayesubiri mwanawe aseme vingine ndipo aamini. Akachovya brashi kwenye nyeusi, akafuta *Imenisaidia*, akaandika kwa herufi kubwa: *Haikunisaidia. Mpelekeni mtoto hospitali.*

Akashuka, akaenda mbio kumwita mama mkwe. Bibi alikuwa na sufuria jikoni. Alisema ataenda ikiiva.

Ilipoiva, akajifunga kanga, akamshika mjukuu mkono, wakafuatana hadi njia panda. Kibarua alikuwa ameshapanda na kopo la chokaa. Pale palipokuwa na maneno palikuwa peupe, pabichi, panachuruzika.

"Soma," bibi alimwambia mjukuu.

"Hamna kitu, bibi."

Bibi akamgeukia mkwewe bila hasira. "Huzuni imekuelemea, mwanangu," alisema. Juu yao binti yake akakohoa. "Hata yeye anakusikitikia."

Ofisi haikumfukuza mchoraji. Ilimtolea gari, dereva akamfungulia mlango, wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Daktari alikuwa mtu mpole mwenye viatu vilivyochoka.

"Wanasema bango linakohoa," alianza.

"Linakohoa, daktari."

"Hilo najua, nalisikia nikinyoa ndevu. Si ugonjwa wako huo, ni wake. Nieleze ulichoandika."

Mchoraji akaeleza.

"Na ulichoandika ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulijua nani anakulipa mshahara?"

"Nilijua."

"Na ukaandika hivyohivyo." Daktari akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. "Utakaa nasi kidogo, bwana. Kitanda kiko karibu na dirisha."

Wodini kulikuwa na mwalimu aliyewaambia wazazi jinsi mitihani ilivyosahihishwa, na mpishi wa hoteli aliyesimama katikati ya wageni akasema nyama ni ya juzi. Walimpokea vizuri. Walimwonyesha bomba lenye maji.

Kwa Bwana Maneno nako mambo yalinyooka. Alikaa chini ya bango asubuhi moja, akasikiliza, kisha akaandikisha maneno mapya juu ya ile chokaa: *Usikohoe kama huyu.* Wazee husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki hakikuhitaji hata kutembezwa, kilikohoa tu, na kila aliyepita akajisikia kifua kinawasha, akaingia dukani. Kabla ya mvua kukatika, picha ile ilikuwa imechapishwa kwenye kila chupa.

Jumapili moja bibi na mjukuu walikuja wodini kumwona mchoraji. Mtoto alikuwa amerefuka na kupungua. Nguo ya shule ilimning'inia kama imeanikwa. Walikaa watatu kwenye benchi chini ya dirisha.

"Unakula?" bibi aliuliza.

"Nakula, mama. Mtoto mmempeleka hospitali?"

"Tutampeleka akizidiwa. Nisiposikiliza walio na akili zao, nikusikilize wewe uliye humu?" Alisema kwa upole, akimpangusa mkwewe uzi begani.

Mtoto akakohoa, viwili na kimoja. Bibi akafungua mkoba, akatoa chupa ya kahawia na kijiko kilichofungwa kwenye leso. Kwenye karatasi ya chupa mwanamke alikuwa mdogo kama ukucha, mdomo umeachama. Naye akakohoa, sauti nyembamba ya mdudu ndani ya kibiriti.

"Baba, ni mama," mtoto alisema.

"Namsikia."

"Nyumbani ziko tatu. Hukohoa kwa zamu."

Bibi akajaza kijiko. Mchoraji akainua mkono kukizuia. Mwuguzi aliyesimama mlangoni akaja, akaushika, akauteremsha taratibu hadi gotini, kama afanyavyo kwa mwalimu na kwa mpishi.

Mtoto hakufungua kinywa mara moja. Alikuwa amelelewa vizuri, hakati maneno ya wakubwa. Aliinamia chupa, akangoja mama yake amalize kukohoa, akamwambia pole.

Kisha akafungua kinywa.