Picha ya Pili ya Fundi Rangi

"Picha ni moja kwa kila mgonjwa," karani wa chumba cha eksirei alisema, akigonga tangazo lililobandikwa kwenye kioo cha dirisha lake. "Paja tumeshalipiga. Limevunjika, hata kipofu anaona."

Kweli lilionekana. Fundi rangi alianguka na jukwaa kutoka ghorofa ya tatu, na sasa, baada ya usiku mmoja wodini, alikuwa kitandani koridoni, paja limepinda pasipo na kiungo. Mkewe alimfuta jasho.

Daktari wa mifupa, mama mfupi ambaye wagonjwa walimwita Daktari Tena kwa kupenda kurudia vipimo, hakubishana na karani. Alimgeukia mke.

"Paja likivunjika hivi linapiga kelele mpaka nyonga haisikiki. Jirani yenu wodini walimtazama paja tu."

Mke alimjua, dereva wa lori. Alitiwa chuma pajani, akaambiwa asimame. Aliposimama, ufa wa nyonga ambao hakuna aliyeutafuta ukaachia. Sasa anatembelea magongo, mguu mmoja mfupi, anangoja nyonga ya bandia isiyojulikana itafika lini.

"Na mume wangu atakuwa vile?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, mama."

Akasukuma kitanda hadi ndani, akavaa aproni nzito ya kuzuia mionzi. Sindano ya kutuliza maumivu ilipokolea akaushika mguu na kuuzungusha kwa ndani ili nyonga ionekane vizuri pichani, taratibu, lakini fundi alipiga yowe hata hivyo.

"Piga, baba," daktari alimwambia mpiga picha. "Wakiuliza, nitajibu mimi."

Loo! Kwenye shingo ya nyonga palikuwa na ufa mwembamba kama unywele ulioangukia karatasi. Mke alisogeza uso karibu na picha.

"Huo tu?"

"Huo tu. Tungegongelea chuma cha paja bila kuujua, tungeufungua wenyewe."

Chumbani mwa upasuaji, ganzi ilimkamata fundi kiunoni kwenda chini, ila masikio yalikuwa macho. Alisikia skrubu zikiingia nyongani kwanza, kisha nyundo ikipandisha chuma kutokea gotini. Watu wanagonga mfupa wake, naye haumwi! Ajabu hiyo ilimtoa machozi.

"Mkimaliza, msisahau rangi," alisema, na daktari akacheka ndani ya barakoa. Kabla ya kushona akaagiza nyonga ipigwe picha tena. Ilikuwa imeshika.

Wodini, dereva aliomba aione ile picha ya ufa. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaufuata ufa kwa kidole.

"Kumbe ni kitu kidogo hivi, shemeji."

Dereva akarudisha picha, akachukua magongo, akatoka. Mke alipomfuata alimkuta kwenye dirisha la eksirei, anakwangua lile tangazo la picha moja kwa kucha.

"We! Hiyo ni mali ya hospitali!" karani alifoka.

"Na nyonga yangu ilikuwa mali ya nani?"

Gundi ilikuwa kavu na kucha zake fupi. Mke akasogea, akashika pembe ya pili.